Jimmie Lunceford kwa fanfari ya watu 11: alikuwa nani, tusikilize plaki gani, na kwa nini kwetu inageuka machi?

fanfari_katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote.

Fanfari yetu ya Katuba inatengeneza programu ya dakika 25 juu ya orkesta moja kubwa ya Marekani ya miaka ya 1930. Ellington na Basie wamepigwa na kila mtu, kwa hiyo tumemchagua Jimmie Lunceford. Tuna trompeti 3 za si bemoli, tromboni 2, alto 2, tenori 1, susafoni 1 (tuba ya kuvaa begani, ndiyo besi yetu), mpigaji mmoja wa keskleri (ngoma ndogo ya vijiti) aliye pia na matoazi ya mguu, na mwingine wa ngoma kubwa. Piyano hakuna, gitaa hakuna.

Kwanza, nikisikiliza plaki zake (sahani za muziki) simsikii yeye mwenyewe. Jina ni lake, lakini saksofoni si yake, trompeti si yake, anayeimba ni mwingine. Basi kazi yake ilikuwa ipi hasa? Pili, tuanzie plaki zipi? Tatu, na hili ndilo linatusumbua zaidi: tunapiga "For Dancers Only" kwa noti zilezile na mwendo uleule, lakini inatoka kama gwaride la tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wetu. Nani anajua kosa liko wapi?

---

plaki_78

Mukubwa, swali lako la kwanza ndilo ufunguo wa Lunceford. Humsikii kwa sababu karibu hakupiga. Alisomea saksofoni na vyombo vingine, lakini mbele ya orkesta alisimama na kijiti chake kirefu cheupe akaongoza. Kama unataka kumsikia kwa kinywa chake, tafuta "Liza" ya 1939, pale anapiga filimbi. Zaidi ya hapo usipoteze muda kumtafuta ndani ya plaki. Kazi yake ilikuwa kuchagua watu, kuwafundisha na kuwapa wapangaji muziki nafasi ya kuandika.

Alikuwa mwalimu, na mwalimu alibaki. Alizaliwa tarehe 6 Juni 1902 huko Fulton, Mississippi, akakulia Denver. Pale alifundishwa muziki na Wilberforce Whiteman, baba yake Paul Whiteman, yule kiongozi wa orkesta aliyekuwa tajiri na maarufu kuliko wote miaka ya 1920. Lunceford akamaliza chuo kikuu cha Fisk, Nashville, mwaka 1926, kisha akaenda kufundisha shule ya sekondari ya Manassas, Memphis. Hapo akaanzisha bendi ya wanafunzi, na mwaka 1927 wakaanza kujiita Chickasaw Syncopators. Mpiga ngoma Jimmy Crawford na mpiga besi Moses Allen walitoka shule hiyo. Kutoka Fisk wakaja mpiga piyano Ed Wilcox na mpiga alto Willie Smith. Kwa hiyo moyo wa orkesta ni wanafunzi wa mwalimu mmoja na wasomi wa chuo kimoja. Ndiyo maana safu zao zinapumua pamoja kama mtu mmoja.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa. Walizunguka Cleveland na Buffalo, wakarekodi kidogo mwaka 1927 na 1930, hakuna aliyewajali. Mlango ulifunguka Januari 1934 walipoingia Cotton Club ya Harlem kuchukua nafasi ya orkesta ya Cab Calloway. Klabu ile ilitangazwa redioni, na redio ndiyo iliyowauzia majina mbali na New York. Mwezi uleule wakarekodi kwa kampuni ya Victor "Jazznocracy" na "White Heat", zote za Will Hudson, mwendo wa mbio sana. Msianze na hizo. Ni nzuri lakini bado si Lunceford mwenyewe, zinaonyesha tu kwamba vidole vyao ni vyepesi.

Lunceford mwenyewe anaanza Septemba 1934 walipohamia kampuni ya Decca, na mtu wa kumshukuru ni Sy Oliver. Alikuwa mpiga trompeti aliyeingia 1933, akawa mpangaji muziki mkuu. Sikilizeni kwa mfuatano huu:

"Rhythm Is Our Business" (mwisho wa 1934). Wimbo wa kutambulisha wapigaji mmoja mmoja. Unafaa kufungulia programu, maana mnaweza kutaja majina yenu wenyewe.

"Sleepy Time Gal" (1935). Hii ameipanga Ed Wilcox, na kuna mzunguko mzima (melodi yote mara moja) wa saksofoni peke yao. Walete wapigaji wenu wa alto na tenori waisikilize mara kumi bila kushika chombo.

"Organ Grinder's Swing" (1936). Darasa la kupiga kwa sauti ya chini. Pale orkesta nzima inanyamaza kuliko watu wanne.

"For Dancers Only" (1937), kisha "Margie" (1938), na "'Tain't What You Do" (3 Januari 1939), zote kazi ya Oliver. Mbili za mwisho zinaimbwa na mpiga tromboni Trummy Young.

"Uptown Blues" na "Lunceford Special" (Desemba 1939).

Kuna pia filamu fupi ya Vitaphone ya 1936. Itazameni bila sauti mara ya kwanza. Angalieni jinsi safu inavyoinuka, inavyokaa na inavyogeuza vyombo. Walikuwa wakitupa trompeti juu na kuzidaka kwa pamoja, tromboni zinaelekezwa dari. Hilo halikuwa pambo tu, watu walilipa kiingilio kuliona. Ila nyinyi msitupe kitu. Trompeti ikipinda bomba la pistoni hapa Lubumbashi, fundi wa kuinyoosha si wa kumpata kila barabara.

---

tromboni_kenya

Nachukua swali la tatu. (Kenya ni komini yetu, si nchi, kabla hamjaniuliza.)

Kosa lenu karibu nalijua bila kuwasikia. Mmesikia kwamba Lunceford ni "mapigo mawili", mkampa mpiga ngoma kubwa apige pigo la 1 na la 3 kwa nguvu. Hiyo ndiyo machi. Kwa Lunceford mapigo mawili ni ya besi, siyo ya ngoma. Besi inaweka noti kwenye 1 na 3, nyepesi na ndefu kidogo. Uzito wa mwili unaangukia 2 na 4, pale matoazi ya mguu yanapofunga. Machi inakanyaga 1. Hii inainua mguu kwenye 2. Mtu anayecheza anajua tofauti kabla sikio halijajua.

Fanyeni hivi. Wekeni metronomu ya telefoni kwenye 66, na muihesabu kuwa ni pigo la 2 na la 4. Hivyo mwendo wenu ni 132. Msiiwekee 132 ikapiga kila pigo, maana mtarudi kukanyaga 1 tu. Wiki ya kwanza iwe susafoni na matoazi ya mguu peke yao, dakika 10 kila mazoezi. Wakipoteza metronomu, wasimame, waanze tena. Wengine wote wakae wapige makofi kwenye 2 na 4 tu. Utaona wangapi wanateleza kurudi kwenye 1 na 3. Huwa wengi, na huwa ni wale wa miaka mingi kwenye fanfari.

Ngoma kubwa: fungeni kitambaa nusu ya ngozi, tumieni kirungu laini, na apige kwa sauti ambayo jirani yake anaisikia lakini mtu wa mstari wa tatu haisikii. Akishindwa, mpeni kazi ya kuinua mabango, ngoma inyamaze kabisa. Bora kukosa ngoma kubwa kuliko kuwa nayo inayopiga gwaride.

Susafoni: tatizo ni pumzi. Mpigaji wa kontrabasi hahitaji kupumua ili noti itoke, wa susafoni anahitaji. Akivuta pumzi baada ya pigo la 1, pigo la 3 linachelewa na orkesta nzima inachechemea. Aache noti ya pigo la 3 katika kipimo cha nne, avute hapo, aingie safi kwenye 1 ya kipimo cha tano. Hakuna msikilizaji atakayegundua noti imekosekana. Lakini atagundua noti iliyochelewa.

Halafu kroshi zenu (noti mbili kwa pigo moja). Kwenye machi pigo linagawanywa mbili sawasawa. Hapa ligawanyeni tatu: noti ya kwanza ichukue sehemu 2, ya pili sehemu 1. Imbeni "daa-da, daa-da" kabla ya kupiga. Msizidishe ikawa kama farasi anaruka. Mwendo ukipanda juu ya 200 hivi, kroshi zinaanza kusawazika zenyewe, na ni sababu nyingine ya kuiacha "White Heat" pembeni.

Mwisho, keskleri. Ile mikunjo ya kijeshi (vijiti vya mfululizo wa haraka) itoke yote. Abaki na brashi au vijiti karibu na ukingo, na mguu wake wa kushoto ndio bosi. Jimmy Crawford hakuupenda mdundo wa mapigo mawili mwanzoni, alitaka manne. Akajifunza, na leo ukitaja "Lunceford" mpiga ngoma yeyote anafikiria mguu wake.

---

fanfari_katuba

Aksanti sana, bakubwa. Ngoma kubwa yetu kweli ndiyo iliyokuwa inaongoza kila kitu, na kwa nguvu.

Nina tatizo jingine. Mafaili tuliyopata ya "'Tain't What You Do" hayakubali kuendana na vyombo. Tukiwa kwenye fa, faili liko juu kidogo. Tukipanda nusu-toni, faili liko chini. Je, walikuwa wanatyuni tofauti zamani?

---

plaki_78

Hapana, usiilaumu orkesta. Lawama ni ya sahani na mota. Plaki za wakati ule zinatakiwa kuzunguka mara 78 na kitu kwa dakika. Aliyeihamishia kwenye kompyuta kwa mzunguko wa 80 ameipandisha sauti karibu senti 38 (senti 100 ni nusu-toni moja), yaani si mbali na nusu ya nusu-toni. Ndiyo maana mnaanguka katikati ya vibonye viwili. Tena ikienda mbio, mwendo nao unapanda, na mtakuja kuamini wimbo ulikuwa wa haraka kuliko ulivyokuwa.

Dawa: pakua programu ya Audacity kwenye kompyuta, tumia kazi ile inayobadilisha kasi pamoja na sauti, ishushe asilimia 2.2 hivi, linganisha na trompeti iliyopashwa moto, rekebisha kidogo kidogo mpaka ilingane. Usitumie ile inayobadilisha sauti peke yake, maana utapata noti sahihi kwa mwendo wa uongo. Ukishapata sauti sahihi, hapo ndipo utumie ile ya kupunguza mwendo peke yake, asilimia 30 au 40, kwa kuandika noti kwa sikio. Ukishusha zaidi ya nusu, tromboni na tenori zinachanganyika na utaandika uongo.

Angalieni kitu kingine. Kuna mafaili mengi yanayoitwa "Jimmie Lunceford" ambayo si yake. Kiongozi wa orkesta Billy May alitoa plaki nzima ya nyimbo hizi mwaka 1957, miaka 10 baada ya kifo cha Lunceford, na orkesta nzuri ya studio. Sauti safi, matoazi yanang'aa, besi inasikika wazi. Ukiona usafi huo, shituka. Plaki ya kweli ya 1937 ina besi ya mbali na kelele kidogo za sindano. Kwa kujifunza noti za ndani, ile ya 1957 inasaidia. Kwa kujifunza uzito wa 2 na 4, hapana. Na upande mmoja wa plaki ya inchi 10 unabeba dakika 3 hivi. Faili likienda dakika 5, ama ni la redio ama si la wakati ule.

---

solfeji_kamalondo

Nimesoma yote, nami naongeza upande wa kuandika, kwa sababu watu 11 si watu 15. Lunceford alikuwa na trompeti 3, tromboni 2 mpaka 3, saksofoni 4 mpaka 5, piyano, gitaa, besi na ngoma. Nyinyi mmekosa piyano na gitaa, yaani hakuna anayejaza akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja). Basi akodi zote lazima zikae kwenye saksofoni 3 na tromboni 2, na hapa ndipo fanfari nyingi zinakosea: wanagawana fa-la-do kila mmoja wake, wimbo unakuwa kama zaburi.

Kanuni: susafoni ina mzizi tayari, msiurudie. Tuchukue akodi ya fa ya saba, ambayo ni fa, la, do, mi bemoli. Susafoni fa. Ikiwa melodi iko kwenye do, alto ya kwanza inapiga do hiyo, alto ya pili la, tenori mi bemoli. La na mi bemoli ndizo zinazosema akodi ni ipi, do inabeba wimbo, fa iko chini. Hamjakosa kitu.

Sasa kwenye karatasi. Alto ni ya mi bemoli, kwa hiyo do ya piyano inaandikwa la, na la ya piyano inaandikwa fa diezi. Tenori ni ya si bemoli, kwa hiyo mi bemoli inaandikwa fa. Trompeti vilevile, toni moja juu. Tromboni isome kama piyano, ufunguo wa fa. Watu wanaharibu hapa: wanampa mtu wa alto karatasi ya trompeti "kwa sababu zote ni za saksofoni na trompeti tu". Itatoka kwinti moja (umbali wa noti tano) chini ya unavyotarajia, na mtatafuta kosa kwa mwezi mzima kwenye midomo wakati liko kwenye karatasi.

Haijalishi plaki iko kwenye ufunguo gani, kwa fanfari hameni kwenda si bemoli au mi bemoli. Kwa si bemoli trompeti inasoma do, alto inasoma sol. Kwa mi bemoli trompeti inasoma fa, alto inasoma do. Vidole vinapumzika, masikio yanabaki huru kusikiliza 2 na 4.

Noti za juu za mwisho wa "For Dancers Only" ni za Paul Webster, aliyekuwa ameajiriwa hasa kwa kazi hiyo. Kama hamna mtu wa namna hiyo, msimlazimishe kijana. Atabana kinywa kwenye chombo, damu itakatika midomoni, na dakika 5 baadaye hata sol ya katikati haitatoka, na bado programu ina nyimbo tatu. Shusheni okta moja, trompeti mbili kwa pamoja, na alto ya kwanza iende juu badala yao. Nguvu ya Lunceford haikuwa kwenye urefu wa noti, ilikuwa kwenye tofauti ya sauti. Pigeni mzunguko wa kabla ya mwisho kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu anaweza kuongea na jirani bila kupaza. Halafu mzunguko wa mwisho hautahitaji noti za juu.

Surdini (kizibo cha kubadilisha sauti): kwa ile sauti ya "wa-wa" na ya kunguruma, wapigaji wa Marekani walitumia raba ya kuzibulia sinki, bila mti wake. Trompeti inataka ndogo ya sentimita 11 hivi, tromboni ya sentimita 14 au 15, ya choo. Nunueni mpya, tafadhali. Toboeni tundu dogo katikati pale mti ulipokuwa ili hewa isizibwe kabisa. Kosa la kawaida ni kuigandamiza raba kwenye mdomo mpana wa mbele wa trompeti: noti inahama mahali pake na haisemi "wa-wa". Mkono uzunguke kama mlango kwenye bawaba, ukingo wa chini ubaki umegusa, wa juu ufunguke na kufunga.

Na kama onyesho ni Juni au Julai usiku, kumbukeni baridi yetu. Shaba ikiwa baridi sauti inashuka, senti 3 hivi kwa kila digrii moja ya hewa ndani ya bomba. Digrii 10 ni senti 30, inasikika na mtoto. Saksofoni na susafoni hazishuki kwa pamoja, susafoni inachukua muda mrefu kupata joto. Pulizeni hewa ya joto bila noti dakika 5, tyunini, na msiache vyombo chini kwenye sima (saruji) wakati wa hotuba.

---

tromboni_kenya

Mama Solfeji amemaliza kila kitu. Nabisha jambo moja tu la plaki_78: orodha yake inaishia Desemba 1939 kana kwamba orkesta ilikufa hapo. Watu wengi wanasema Sy Oliver alipoondoka 1939, Lunceford aliisha. Mimi siamini.

Oliver aliondoka, ni kweli, na sababu ni pesa. Tommy Dorsey, kiongozi wa orkesta nyingine, alimwahidi dola 5,000 kwa mwaka zaidi ya alichokuwa anapata. Lunceford alikuwa mwalimu mzuri na mlipaji mgumu, na hili lilimrudia. Lakini nafasi ya Oliver ilichukuliwa na Gerald Wilson, kijana wa trompeti, na Snooky Young akawa trompeti ya kwanza mwaka uleule. Solo ya Snooky Young kwenye "Uptown Blues", baada ya alto ya Willie Smith, imetoka baada ya Oliver kuondoka. "Lunceford Special" ni kazi ya Eddie Durham, si ya Oliver. Na 1941 kuna "Yard Dog Mazurka". Sikilizeni mwanzo wake kisha msikilize "Intermission Riff" ya Stan Kenton ya miaka iliyofuata, mtacheka jinsi zinavyofanana.

Kwa fanfari yenu "Uptown Blues" ni zawadi. Blues ya vipimo 12, mwendo wa polepole, nyuma ni noti ndefu tu, mbele solo mbili. Nani ana alto anayejua kuimba na chombo? Mpeni.

---

plaki_78

Nakubali kuhusu 1939 mpaka 1941, na "Yard Dog Mazurka" iongezwe. Lakini nisimame kidogo: kilichoanguka si ubora, ni watu. Mwaka 1941 walitokea kwenye filamu ya "Blues in the Night", na plaki yao ya wimbo huo ikauza sana mwanzoni mwa 1942. Wakati ambao wangepaswa kuvuna, mgogoro wa mishahara ukawapasua. Willie Smith akaondoka 1942, na alto ya kwanza ni koo la safu ya saksofoni. Crawford na Trummy Young wakafuata 1943. Agosti 1942 chama cha wanamuziki kikapiga marufuku kurekodi mpaka makampuni yalipe, na vita vikachukua vijana, petroli na matairi ya basi. Orkesta inayoishi kwa safari za usiku mmoja mmoja haiwezi bila matairi. Ziara yao ya kwanza Ulaya, Skandinavia mwaka 1937, ilikuwa imefanikiwa. Ya pili ya 1939 ilifutwa kwa sababu ya vita hivyohivyo.

Baada ya hapo alirekodi kidogo kwa kampuni ya Majestic. Sauti ni nzuri, watu ni wapya, ile pumzi moja haipo tena.

---

fanfari_katuba

Aliishaje? Tunataka mtangazaji aseme sentensi mbili, na mtandaoni tunaona habari za sumu.

---

plaki_78

Sentensi mbili: "Jimmie Lunceford alianguka tarehe 12 Julai 1947 huko Seaside, Oregon, akiwa anasaini jina lake kwa mashabiki katika duka la plaki kabla ya dansi ya usiku. Alikuwa na miaka 45, na amezikwa Memphis, mji alioanzia kufundisha."

Rasmi imeandikwa moyo. Uvumi wa sumu ulitokana na chakula walichokula siku ile kwenye mgahawa ambao haukutaka kuwahudumia watu weusi, na baadhi ya wapigaji pia waliugua tumbo. Haijathibitishwa. Mtangazaji akisema "alipewa sumu" atakuwa amesema zaidi ya karatasi. Akitaka, aseme "kulikuwa na uvumi", aendelee na wimbo. Ed Wilcox na Joe Thomas wa tenori walishika orkesta baada yake kwa muda.

---

solfeji_kamalondo

Kwa dakika 25 wekeni nyimbo 5, siyo 8. "Rhythm Is Our Business" kufungua, "Organ Grinder's Swing" mara moja baada yake ili watu wanyamaze, "Uptown Blues" katikati kwa sababu midomo ya trompeti inapumzika, "'Tain't What You Do" na mwimbaji, "For Dancers Only" mwisho. Kila moja dakika 3 hadi 4 na mzunguko mmoja wa ziada wa solo, maneno ya mtangazaji dakika 5 jumla. Msiongeze mwendo kwa sababu ya hofu. Mtu wa matoazi ya mguu ashike metronomu kwenye sikio moja mpaka hesabu ya kuingia, kisha aitoe.

Karatasi za alto nitumieni picha kabla hamjazigawa.

---

fanfari_katuba

Zinakuja kesho jioni, Mama. Ngoma kubwa tumeifunga blanketi tayari. Mpigaji wake amekasirika, lakini leo kwa mara ya kwanza watoto wa barabarani wamecheza badala ya kutembea kijeshi.